Mchanga wa marudio umeshajenga vyumba viwili vya nyumba yetu: je, tuendelee?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Geita. Nimeolewa, nina watoto wawili, na sasa nina ujauzito wa miezi mitano. Mwaka jana mimi na mume wangu tulianza kujenga nyumba ya vyumba vinne kwa kudunduliza, kama watumishi wengi wanavyojenga: mwezi huu mifuko mitatu ya saruji, mwezi ujao nondo chache. Kilichotuelemea kuliko vyote ni mchanga, kwa sababu huku kwetu mchanga mzuri wa mto hutoka mbali, na nauli ya lori huzidi bei ya mchanga wenyewe.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Wachimbaji wadogo hupeleka pale marudio yao, yaani ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na dhahabu kukamatwa kwa zebaki, na wenye mtambo huyalowesha katika matangi yenye sianidi ili kupata dhahabu iliyosalia. Baada ya hapo mchanga hutupwa, na umelundikana hata umekuwa kama vilima. Shemeji aliomba, akaruhusiwa, akatuletea tripu sita za Fuso bila kutudai chochote isipokuwa mafuta. Mchanga ule ni laini, hauna mizizi wala takataka, na fundi aliusifu sana. Tulifyatua matofali zaidi ya 1,000, kisha tukapiga lipu vyumba viwili, ambavyo tumeshahamia ili tuache kulipa kodi.

Sasa nina wasiwasi. Sehemu ya chini ya kuta imeanza kutoa unga mweupe na madoa yenye rangi ya kutu, na lipu inapasuka pasuka na kumeguka. Mtoto wangu mdogo, mwenye miaka mitatu, nimemkuta mara kadhaa akiparura ukuta na kuramba vidole. Mimi mwenyewe, nakiri kwa aibu, tangu nishike mimba nina hamu ya kula udongo, na nimeshawahi kuumega ukuta huo nikautafuna. Mwalimu mwenzangu wa sayansi aliponiona alishtuka na kuniambia kwamba mchanga wa marudio una sumu.

Mume wangu hakubali. Anasema sianidi huisha juani, na kwamba saruji ikishashika hufunga kila kitu ndani yake. Shemeji ameahidi kutuletea tripu nyingine mbili za kujengea tanki la chini la kuvunia maji ya mvua, na vijana wa hapa wanataka kuchanganya marudio hayo na udongo wa kufyatulia matofali ya kuchoma ili wayauze. Mama mkwe amenionya kwamba nikiukataa mchanga huo nitaonekana nadharau msaada wa ndugu. Naomba unieleze ukweli wa jambo hili, na nifanyeje bila kuvunja udugu.

Mama wa Wawili, Geita


Mpendwa dada yangu,

Nakujibu lile la haraka kwanza. Tanki la maji lisijengwe kwa mchanga huo, hata kwa karai moja. Kazi nyingine yoyote ya kutumia mchanga huo isimame leo, wewe uache kabisa kuula ukuta, na mtoto asilale wala kucheza katika vyumba hivyo hadi mpate majibu ya vipimo. Kama mnaweza kurudi kwenye nyumba ya kupanga kwa miezi michache, rudini. Najua kodi inauma, lakini wewe ni mjamzito na una mtoto wa miaka mitatu, na hao wawili, mtoto aliye tumboni na huyo anayeparura ukuta, ndio ambao sumu za namna hii huwadhuru kwa kiasi kidogo sana ambacho mtu mzima hawezi hata kukihisi.

Mume wako hakusema uongo kuhusu sianidi. Ni kweli kwamba jua na hewa huivunja, na kwamba mchanga uliotandazwa kwa muda mrefu hupoteza sehemu kubwa ya sianidi yake, ingawa katikati ya lundo, ambako jua halifiki, inaweza kukaa muda mrefu zaidi. Tatizo ni kwamba sianidi siyo inayonitia hofu zaidi katika barua yako. Ninachokihofia ni kile ambacho jua haliwezi kukivunja, kwa sababu ni metali: zebaki iliyomiminwa na wachimbaji, na risasi pamoja na aseniki ambazo mara nyingi hukaa katika mwamba uleule unaobeba dhahabu. Mwamba ukiwa mzima chini ya ardhi humdhuru mtu kidogo. Karasha linapousaga ukawa laini kama unga, kila chembe hufunuliwa kwa maji, hewa na mikono, na vumbi lake huweza kuingia mapafuni. Ulaini ambao fundi wako aliusifu ndio huo huo unaoufanya mchanga huo uwe wa hatari kuliko mchanga wa mto.

Kuhusu zebaki, ni vizuri mume wako na shemeji yako waelewe jambo moja ambalo wengi machimboni hawaambiwi. Zebaki haikamati dhahabu yote, na wala haitoki yote pamoja na dhahabu; matone madogo hubaki katika marudio. Marudio hayo yakiingizwa kwenye sianidi bila zebaki kuondolewa kwanza, sianidi huiyeyusha zebaki hiyo, ikawa rahisi zaidi kusafiri na maji. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi wanachama kuukomesha utaratibu huo huo unaofanyika katika mitambo kama ya shemeji yako. Simwambii haya ili kumlaumu kijana aliyeajiriwa. Namwambia kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mchanga huo kuliko mtu mwingine yeyote katika familia yenu.

Sasa hoja ya saruji. Hapa pia kuna ukweli kidogo, na nadhani ndio unaowapa watu wengi moyo. Viwanda vya saruji duniani hutumia kwa kawaida mabaki ya viwanda vingine, kama vile taka za tanuri za kuyeyushia chuma na majivu ya makaa ya mawe, na saruji hiyo ni halali na imara. Lakini kiwanda hakichukui lundo lolote lililoko nje ya geti. Hupima kilichomo, shehena kwa shehena, hukataa kisichofaa, na mabaki yanayokubaliwa ni yale ambayo yenyewe hushikana na saruji kikemikali. Mchanga wenu haukupimwa na mtu. Ulitazamwa kwa macho na kushikwa kwa kiganja, na aseniki haionekani kwa macho. Tena saruji haizifungi metali zote kwa namna moja. Baadhi huzishika vizuri, ila risasi huweza kuanza kuyeyuka tena katika hali kali ya chokaa iliyomo ndani ya saruji, na zebaki ambayo bado ni metali haifungwi ipasavyo, bali huendelea kugeuka mvuke polepole hata kwa joto la kawaida la chumba. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na sehemu kubwa ya ule unaovutwa, karibu asilimia 80, hubaki mwilini. Hata kama saruji ingefunga kila kitu, lipu yenu inameguka, na lipu inayomeguka ni vumbi.

Huo unga mweupe na kutu umenifanya nisome barua yako mara mbili. Unga mweupe peke yake si ushahidi wa sumu; hata nyumba ya mchanga safi hutoa chumvi nyeupe pale unyevu unapopanda kutoka kwenye msingi. Lakini weupe ukiambatana na rangi ya kutu na kumeguka kwa lipu, dhana yangu ni kwamba mchanga wenu una madini yenye salfa, hasa pairiti, yale mawe yanayong'aa ambayo wachimbaji wanayafahamu sana kwa sababu hufuatana na dhahabu. Pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, kutu na chumvi za salfati. Salfati hizo huingia kwenye saruji iliyokwisha kukauka, hutengeneza fuwele zinazovimba, na ukuta hupasuka kutoka ndani. Kwa hiyo mwambie mume wako kwamba hata tungeiweka sumu kando, ukuta huo utaendelea kudhoofika, na nondo zilizozungukwa na zege la mchanga huo zitaliwa na kutu mapema. Nimeona wanaume wengi wakipuuza neno la afya lakini wakasimama mara moja waliposikia kwamba nyumba haitadumu. Si jambo la kujivunia, ila litumie.

Nije kwa mtoto. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini-magharibi mwa Nigeria, wachimbaji wadogo walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu ndani ya nyua za nyumba zao, wakati mwingine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Katika muda wa miezi michache watoto zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi waliachwa na ulemavu wa ubongo, wa kuona au wa kusikia. Wengi wao hawakuwahi kuingia machimboni. Walicheza tu juu ya vumbi, wakatia vidole mdomoni, kama anavyofanya mwanao. Madaktari waliofika huko walijifunza jambo lililokuwa gumu kulitekeleza: mtoto hakupewa dawa ya kuondoa risasi mwilini mpaka kwanza nyumba yake isafishwe, udongo wa juu ukaondolewa na kuletwa mwingine safi, kwa sababu kumtibu na kumrudisha kwenye vumbi lilelile kulikuwa ni kazi bure. Sisemi kwamba mchanga wenu una risasi nyingi kama mawe ya Zamfara. Miamba hutofautiana hata kati ya mashimo mawili yaliyo jirani, na hilo ndilo linalofanya kipimo kiwe cha lazima. Ninachosema ni kwamba njia ya sumu ni ileile. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima.

Wewe nawe, dada, usione aibu. Hamu ya udongo wakati wa mimba ni ya kina mama wengi wa kwetu, na mara nyingi huendana na upungufu wa damu. Nenda kliniki, mweleze mkunga au daktari waziwazi kwamba umekula ukuta uliotengenezwa kwa marudio, taja neno marudio, taja zebaki na sianidi, kwa sababu bila kuambiwa hatakuwa na sababu ya kufikiria risasi au aseniki. Omba upimwe wingi wa damu, na uulize namna ya kupata vipimo vya metali hizo katika damu na mkojo, vyako na vya mtoto. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, na ile iliyohifadhiwa kwenye mifupa ya mama hutoka wakati wa ujauzito pamoja na kalsiamu. Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maharage, mboga za majani, dagaa na maziwa, hupunguza kiasi cha risasi ambacho mwili unakifyonza, ingawa hakiwezi kuchukua nafasi ya kuondoka kwenye vumbi. Mtoto akiwa na maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, kukosa choo, kupauka, uchovu, au Mungu aepushe, degedege, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Vipimo vya mchanga vinawezekana. Chukueni kidogo kidogo kutoka sehemu nane au kumi za lundo lililobaki, juu na ndani, mchanganye mpate kama kilo moja katika mfuko safi wa plastiki; mfuko wa pili uwe na vipande vya lipu iliyomeguka, na wa tatu tofali moja lililovunjwa. Wakati wa kuchukua mlowanishe kwanza ili vumbi lisiruke, na wewe usishiriki. Pelekeni kwenye ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iliyoko Mwanza, muulize gharama kabla ya kulipa, na muombe vipimo vya risasi, aseniki, zebaki, sianidi na salfati. Ombeni pia wawaeleze ni kiasi gani cha metali hizo kinatoka mchanga ukilowekwa kwenye maji, kwa sababu jumla iliyomo ni jambo moja na kinachotoka ni jambo jingine.

Majibu yakionyesha viwango vibaya, lipu ya vyumba hivyo iondolewe ikiwa imelowa, na watu wazima waliovaa barakoa nzuri na nguo za kazi, watoto na wewe mkiwa mbali. Sakafu isafishwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe. Kupaka rangi juu yake kungepunguza vumbi kwa muda, lakini kusingezuia mvuke wa zebaki wala kuvimba kwa salfati, kwa hiyo sikushauri mfiche tatizo chini ya rangi. Kifusi kisitupwe bustanini, kisimwagwe kisimani wala barabarani kuziba mashimo. Kirudishwe kwenye eneo la mtambo kilikotoka, kwa kuwasiliana na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa kuwa taka hatarishi zina utaratibu wake wa kusafirishwa na kutupwa. Matofali 1,000 yafunikwe kwa turubai yasipigwe na mvua, wala yasiuzwe kwa mtu mwingine. Najua ni mali yenu. Lakini ukimuuzia jirani, utakuwa umemkabidhi hofu yako bila kumwambia.

Wale vijana wanaotaka kuchoma matofali wazuiwe mapema iwezekanavyo, na hapa nakuomba usingoje majibu ya maabara. Zebaki huchemka kwa nyuzi joto 357, na tanuri la matofali hupita kiwango hicho mbali sana. Zebaki yote iliyomo katika udongo huo itatoka kama mvuke katikati ya kijiji, na wa kwanza kuuvuta watakuwa wao wenyewe wanaochochea kuni usiku. Mweleze mwenyekiti wa kijiji na afisa afya wa kata. Mwalimu mwenzako wa sayansi ndiye angefaa kufuatana nawe.

Ama kuhusu mama mkwe na shemeji, mimi naamini kwamba msaada ule ulitoka moyoni, na hilo ndilo la kulitanguliza. Usiende kwao na neno sumu mdomoni. Mwombe mume wako aitishe kikao kidogo cha familia, mkianza kwa kumshukuru shemeji kwa mafuta na usumbufu aliobeba, kisha mume wako mwenyewe, si wewe, aonyeshe ukuta unaomeguka. Mkumbushe kwamba watu waliosoma kuliko sisi sote walidanganywa na mchanga wa aina hii. Katika mji wa Grand Junction, Colorado, Marekani, mabaki ya kiwanda cha kuchenjua urani yaligawiwa bure kwa wajenzi hadi katikati ya miaka ya 1960, kwa kuwa yalikuwa laini, safi na karibu. Yakawekwa chini ya misingi ya nyumba, kwenye njia za miguu na ndani ya udongo wa kuunganishia matofali. Baadaye ilibainika kwamba yanatoa gesi ya radoni yenye mionzi ndani ya vyumba walimolala watu, na serikali ikalazimika kufukua na kusafisha maelfu ya viwanja, kazi iliyoendelea kwa miaka mingi. Hakuna aliyewaita wajenzi wale wapumbavu, na shemeji yako naye asiitwe hivyo.

Kisha muulizeni yeye mwenyewe habari zake. Je, mikono yake hutetemeka, hulala vizuri, fizi zake zikoje, huwashwa au kupata madoa na ugumu kwenye viganja na nyayo? Aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, nguo za kazi zifuliwe peke yake, na asimbebe mtoto wako akiwa bado na vumbi la mtamboni. Naye apimwe mtakapopimwa ninyi.

Tanki la maji ya mvua lijengeni, kwa sababu mnalihitaji, ila kwa mchanga wa mto, hata ikibidi kulisubiri hadi msimu ujao. Kama fedha haitoshi kwa mchanga wa nyumba na wa tanki kwa pamoja, anzeni na tanki, na hadi lundo na lipu mbovu vitakapoondolewa msikinge maji ya paa la nyumba kwa ajili ya kunywa, kwa kuwa vumbi la lundo lililo uani hupanda hadi kwenye mabati. Lifunikeni lundo hilo leo.

Mshauri wako